Miguu ya Bonane, Kichwa Hakuniuzia

Mtu akiingia kwangu hapa Kamembe, kitu cha kwanza anachojigonga nacho ni miguu mitatu ya chuma iliyosimama nyuma ya mlango. Haina kichwa. Mimi huitundikia kofia na mwavuli, mke wangu huitundikia maneno. "Papa Sifa, hii kintu itatoka lini mu nyumba?" Namjibu kesho. Ni kesho ya miaka mingi.

Ninyi vijana wa picha za harusi mlikuja wiki iliyopita, watatu, fulana zinazofanana, mkanionesha trepie kwenye simu. "Mzee, tununue gani?" Nilihesabu zilizokuwa kwenye kioo: kumi na moja. Nikahesabu tena, kumi na moja. Kila mmoja wenu aliweka kidole kwenye ile ndefu kuliko zote. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari ya kichwa. Ningewajibu palepale mngesema mzee ana maneno mengi, na mngekuwa na haki. Basi nimeandika, mtasoma mkiwa mmekaa.

Trepie ni miguu mitatu ya kusimamishia kamera, hilo mnalijua. Lakini kamera haikai juu ya miguu, inakaa juu ya kichwa. Kichwa ninachosema ni kile chenye gololi ndani ya kikombe: ukilegeza kikazio, kamera inageuka upande wowote unaotaka; ukikaza, inaganda. Au inatakiwa kuganda. Miaka yangu yote ya kazi imekaa ndani ya hilo neno "inatakiwa".

Mimi trepie yangu ya kwanza niliinunua kwa wivu. Sisemi kwa hasira au kwa haraka, ningekuwa na cha kujitetea. Kwa wivu mtupu, uliokaa miezi ukaiva. Na jicho la wivu linaona miguu tu.

Nilikuwa mpiga picha wa kwanza kwenye ule mteremko unaoshuka kutoka sokoni. Nilikulia Bukavu, kwa wazazi waliotoka huku, na baada ya vita vya huku nikarudi na kamera moja, mashine ya kukuzia picha, na beseni mbili za dawa. Kazi ilikuwepo. Kila mtu alihitaji picha ndogo: ya kitambulisho, ya shule, ya karatasi ya kuvukia daraja. Mtu asiye na picha hakuwa mtu mbele ya meza yoyote. Nilikuwa nawaweka kwenye kigoda, nasema "kidevu juu," nafyatua, mwingine. Sikuhitaji mguu wa chuma. Nilikuwa na miwili ya nyama na nilijivunia.

Halafu vita vikaanza ng'ambo, upande wa Bukavu, na watu wakavuka kuja upande wetu. Wengine walivuka na godoro, wengine na masufuria kichwani. Bonane alivuka na trepie imefungwa kwenye kitenge cha mke wake, ameibeba mikononi kama mtoto mwenye homa. Alikuwa mpiga picha wa Bukavu, mfupi, mpole, sauti ya chini. Akapanga chumba ng'ambo ya njia, ukivuka kutoka mlangoni kwangu ni hatua kumi na nne. Nilimkaribisha chai. Akatia vijiko vinne vya sukari. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia kidogo.

Kilichobaki kilikuja chenyewe. Mnajua kanisa lilivyo na giza ndani saa za asubuhi, na mnajua harusi ya huku ilivyo: baada ya misa ukoo mzima unataka kuingia kwenye picha moja, mistari mitano, na mstari wa nyuma kabisa ndimo walimo wazee wenye kulipa. Mimi nilishika kamera mkononi, mlango wa mwanga ndani ya kamera umefunguka muda mrefu kwa sababu ya giza, mkono unacheza. Mstari wa mbele walitoka watu. Mstari wa nyuma ulitoka moshi. Mama mmoja wa Mururu alinirudishia picha yake akasema, "Papa Sifa, angalia hapa. Shangazi iko na pua mbili."

"Ni mwanga, Maman."

"Mwanga? Kwa Bonane kuko mwanga gani wenye unatoa pua moja?"

Nikaenda kuziangalia picha za Bonane zilizobandikwa mlangoni kwake. Nilijifanya napita. Mstari wa nyuma, mzee mmoja, hata vishikizo vya koti unaweza kuvihesabu. Nilivihesabu. Vinne, na cha chini kilikuwa kinaning'inia kwa uzi. Nikarudi nyumbani sina hamu ya kula.

Sasa nikafanya wanachofanya watu wenye wivu: nikaanza kusema. Niliwaambia wateja kwamba trepie ni mkongojo wa wapiga picha wenye mikono dhaifu. Nikawaambia ni chombo cha wapima viwanja, siku moja Bonane atawapimia shamba. Walicheka vizuri sana, wakavuka njia. Nilihesabu wanaoingia kwake. Nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea, na mara ya pili walikuwa wameongezeka. Ikafika mahali hawasemi tena "kwa Bonane". Walisema "kwa fundi wa trepie". Miye niliyefungua wa kwanza nikawa "ule mwingine".

Na kila Jumamosi mchana, kazi ikipungua, alikaa mlangoni na kile kichwa gotini. Alikuwa na kichupa kidogo. Anatia tone moja kwenye kitambaa, anafuta ile gololi, anaizungusha. Haikutoa sauti. Ilikwenda kama ulimi wa mtu anayeomba mkopo. Nikakaa nyuma ya pazia langu nikasema: kumbe siri ni mafuta.

Likumbukeni hilo pazia.

Siku ile mpaka wa nchi ulipofunguliwa tena nilivuka daraja kwenda Bukavu, nikapanda hadi soko la Kadutu. Wakati ule ungeweza kukuta chochote pale: taa za hospitali, viti vya ofisi, piano isiyo na meno. Vitu vya watu waliokimbia, tusijidanganye. Kwa mama mmoja anayeuza masufuria na nyaya, chini ya meza, nikaona trepie mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi, miguu minene imebanduka rangi, kila mguu una vipande vitatu tu, na juu yake kichwa chenye gololi kubwa kama yai la kuku wa kienyeji. Ya pili ilikuwa ndefu. Inang'aa. Miguu myembamba ya vipande vitano vitano, nguzo ya katikati inayopanda kwa kuzungusha mkono wa pembeni, na kioo kidogo cha maji cha kupimia usawa. Kichwa chake kilikuwa na gololi kama jicho la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Lakini nani aliangalia kichwa? Niliivuta ikanipita. Ilimpita Bonane na kofia yake.

"Hii bei gani, Maman?"

Akataja. Nikacheka, nikaanza kuondoka. Akaniacha niondoke, jambo ambalo si la kawaida. Nikarudi, nikauliza na bei ya ile fupi. Akataja ileile.

"Ile fupi bei yake moja na hii ndefu? Juu ya nini?"

"Juu ile fupi ni ya kazi," akasema. "Ile murefu ni ya kuonesha batu. Bwana yangu alikuwaka photographe, Papa. Ile fupi ilikuwa ya kwake. Ile murefu alinunuaka akatumia mara moja, akaifunga."

Vijana, mnisikilize vizuri. Nimepatana bei maisha yangu yote. Najua kusoma uso wa muuzaji kabla hajafungua mdomo. Mama yule aliniambia ukweli mtupu, bure, na mimi nikasema moyoni: huyu anataka kunibambikia ile iliyobanduka. Nikambana kwa ile ndefu nusu saa nzima. Nikapunguziwa. Nikaondoka nikijiona mjanja, nimemshinda mjane kwa kununua kile alichonikataza.

Kurudi darajani nilikuwa nimeifunga kwenye gunia, ndefu, begani. Mwanajeshi kwenye kizuizi akaniangalia, akaangalia gunia, akaiweka bunduki sawa. Akili yangu ilikuwa kwa Bonane. Nilisahau ni wakati gani na kitu kirefu begani kinaonekanaje.

"Weka chini. Polepole. Ni nini hiyo?"

"Trepie, afande. Ya kamera."

"Fungua."

Nikafungua. Miguu mitatu, kila mguu vifungio vinne. Kumi na viwili. Kifungio cha tano kikanibana kidole. Nyuma yangu akina mama wa biashara, wenye ndizi na unga vichwani, wakaanza kuhesabu kwa sauti: "Sita! Saba!" Ilipofika kumi na mbili na ile kitu ikasimama, mwanajeshi mwenyewe alikuwa anauma midomo asicheke. "Nenda," akasema. "Na siku nyingine uibebe ikiwa imefunguka, muntu aone ni takataka."

Hilo ni somo la kwanza la kununua trepie, nililipata bure mbele ya watu: hesabu vifungio. Kila kifungio ni mahali pa kutikisika, na ni dakika unayopoteza bibi harusi akiwa ameshacheka na ameshanuna.

Nikaisimamisha mbele ya studio yangu, imevutwa yote, nguzo juu hadi mwisho. Ukipita upepo kutoka ziwani ilikuwa inavuma kidogo, kama waya wa simu. Bonane akatoka, akaiangalia chini hadi juu, juu hadi chini.

"Félicitations, jirani, hongera. Iko murefu."

"Ni ya kisasa."

"Naona. Utakuwa unapiga ndege?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo liliniuma. Mtu akikudharau unajua pa kumshika. Huyu aliuliza kama anayetaka kujua kweli.

Kichwa cha trepie yangu kilikwaruza kikigeuka. Jumamosi ile nikamwangalia nyuma ya pazia na kichupa chake, nikasema mimi pia nina mafuta. Nikaingia jikoni, nikachukua mawese. Tone moja kwenye gololi, halafu la pili kwa sababu la kwanza lilionekana dogo. Ikaanza kuteleza bila sauti, rangi ya machungwa, safi. Nililala vizuri.

Siku chache baadaye akaja mama kutoka Nkanka, wa huko chini ziwani. Maman Consolata. Alikuwa na miguu yenye vumbi ya mtu aliyepanda mlima kwa mguu, na kitu amekifunga kwenye ncha ya kitenge. Akasimama katikati ya njia, akaangalia mlango wangu, akaangalia wa Bonane. Mbele ya wangu kulikuwa na trepie inayong'aa, ndefu kama mgomba. Mbele ya Bonane hakukuwa na kitu, yake huiweka ndani.

"Bonjour, Papa. Ni hapa kwa fundi wa trepie?"

Nilikuwa na nafasi ya kupumua mara moja.

"Ni hapa, Maman. Karibu."

Akafungua ncha ya kitenge. Ilikuwa picha ndogo ya kadi, ukubwa wa stempu mbili, imebanduliwa kwenye kadi ya chama cha wavuvi. Mhuri umekata bega moja. Mwanamume mwenye kola iliyonyooka, anaangalia kamera kama anayengoja itangulie kusema. Mumewe. Alikwenda ng'ambo wakati wa vita na hakurudi, na nyumba yao ikaungua na picha zote. Ilibaki hii kwa sababu ilikuwa mfukoni mwa koti lililoazimwa na jirani.

"Mutoto wangu wa mwanamke anaolewa Samedi," akasema. "Nataka baba yake akuwe munene, nimutie mu kadre, mutoto amushike wakati wa picha. Wa kumutoa kwa mukono ni baba yake, na hayuko. Basi huyu atakuwa hapo."

Mnajua desturi hiyo, mmeipiga wenyewe: familia inasimama, na asiyekuwepo anashikwa mikononi, ndani ya fremu. Miaka ile hakukuwa na familia ambayo haikushika mtu.

Nikamwambia aje Alhamisi. Akaniachia. Aliniachia mimi, kwa sababu nilisema ni hapa.

Kukuza picha ndogo hivyo, unaipiga picha upya kwa karibu sana. Nikailaza kwenye ubao ulioinama karibu na dirisha, nikaifunika kioo ili ikae bapa. Kwenye kamera nikachomeka zile pete za kupigia vitu vidogo, na lenzi nzito mbele. Nikaiinamisha juu ya picha, nikakaza, nikafyatua kwa sekunde mbili. Mara tano. Nikaingia chumba cha giza, nikasafisha filamu, nikaiangalia kwa kioo cha kukuzia.

Mume wa Maman Consolata alikuwa na midomo miwili. Katika zote tano. Katika ya tano alikuwa na mitatu. Kichwa cha trepie kilikuwa kinazama, nywele moja, nywele mbili, wakati mlango wa mwanga umefunguka. Ukitazama kwa jicho huoni kitu. Filamu inaona.

Ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi nikachukua koleo. Nikasema kama mkono haukazi vya kutosha, chuma kitakaza. Nikaizungusha, ikalia, nikaizungusha tena kwa sababu mimi kila kitu mara mbili, na ile mara ya pili nyuzi za skrubu zikakatika ndani. Kamera ikainama kama mtu aliyesinzia kanisani. Lenzi ikashuka juu ya kioo, kioo kikapasuka.

Nikaiinua kamera kwanza. Halafu nikaondoa vipande kimoja kimoja. Uso ulikuwa mzima. Lakini kipande kimoja kilikuwa kimechora mstari mweupe begani, kando ya mhuri, kama upana wa ukucha. Ukucha mmoja zaidi, ingekuwa jicho.

Nikaketi kwenye kigoda cha wateja. Kwa mara ya kwanza sikuwa na bei ya kutaja. Hakukuwa na picha nyingine ya mtu yule duniani, na nilikuwa nayo mimi, mimi ambaye hakuniulizia.

Hatua kumi na nne. Nilizipita polepole, trepie mkono mmoja, picha kifuani.

Bonane alikuwa anakata picha za vitambulisho. Akapokea trepie, akatikisa kile kichwa kilichovunjika, akaweka kidole kwenye gololi, akakinusa.

"Papa Sifa. Hii ni mawese?"

"Mafuta kidogo. Kama wewe."

"Kama miye? Miye natiaka mafuta?"

"Kile kichupa chako cha Jumamosi."

Akaniangalia. Halafu akaangalia pazia langu kule ng'ambo. Halafu akaanza kucheka, bila sauti, mabega tu, akashika meza. "Mungu wangu! Ile ni kanyanga! Ni pombe kali, Papa, natoa nayo mafuta ya vidole! Gololi inatakiwa ikauke sawa mufupa. Weye unatia ile miye natoa!"

Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi. Akafuta machozi, akaona picha.

"Na huyu?"

"Wa mama mmoja wa Nkanka. Harusi ni Jumamosi."

"Batu ba Nkanka banakuyaka kwangu," akasema polepole.

Nikajaribu njia tatu kichwani za kuzunguka, na zote zilirudi mlangoni kwake. "Alikuulizia wewe," nikasema. "Nikamwambia ni hapa."

Kicheko kikaisha. Akachukua kitambaa, akafuta kichwa cha trepie yake ambacho kilikuwa kisafi tayari.

"Sawa. Leta hiyo picha. Yeye hana kosa." Akafunga kichupa. "Na weye utamwambia."

Halikuwa swali.

Sasa mtazame alivyofanya, maana hapa ndipo penye kununua trepie. Aliivuta miguu ya trepie yake, vipande vya juu peke yake, vile vinene; vyembamba aliviacha ndani. Nguzo ya katikati hakuigusa. "Ukipandisha nguzo unabaki na mguu moja," akasema. Chini ya nguzo akatundika mfuko wa mawe. Mguu mmoja aliuelekeza mbele, upande ambao lenzi inainamia, ili uzito uwe na pa kuegemea. Akaiweka kamera, na kabla ya kukaza akailenga juu kidogo ya pale alipopataka, kwa sababu kila kichwa, hata kilicho kizuri, kinashuka kidogo wakati wa kukaza. Akakaza kwa vidole viwili. Viwili tu!

"Angalia ndani. Unaona kona ya picha iko wapi?"

"Naiona."

"Hesabu mpaka sitini."

Nilihesabu hadi mia na ishirini. Kona haikusogea. Akanicheka kwa pua. Halafu akafungua saa ya kamera ya kujifyatulia, ili hata kidole kisiiguse, akarudi nyuma, akashika pumzi kama aliyekuwa anapigwa picha yeye. Nami nikashika. Tulisimama watu wazima wawili hatupumui, kwa ajili ya mtu wa ukubwa wa stempu mbili.

Jioni ile niliichapa mwenyewe. Ilipoanza kutokea kwenye dawa, kola ilitangulia, halafu macho. Kope zilihesabika. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote zilizowahi kulala kwenye beseni langu, na haikuwa yangu. Msinielewe vibaya, nilishukuru. Lakini hata nikiwa nashukuru niliona wivu, hadi kwa namna alivyonisaidia: alifanya bila kujitahidi.

Alhamisi Maman Consolata akaja. Nikampa. Hakulia. Aliigeuza kwenye dirisha, akaweka kidole kwenye kola.

"Hii uzi ni ya mukono yangu. Nilishonaka usiku moja kabla aende kupigwa hii picha. Angalia, hapa nilikosea." Na kweli, pale kwenye ncha ya kola palikuwa na mshono mmoja uliokwenda kando. "Mwenye aliniambia niende kwa fundi wa trepie hakudanganya."

Ng'ambo ya njia Bonane alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Hakuwa anaangalia kwetu. Aliangalia mbuzi.

"Maman," nikasema, "fundi wa trepie ni ule pale. Mimi nilikudanganya. Hii kaipiga yeye."

Akamwangalia Bonane. Akaniangalia mimi. Akaangalia trepie yangu ya kisasa, iliyolala pembeni bila kichwa. Kisha akaichukua picha ndogo, akaisogeza karibu na macho.

"Na hii alama kwa bega?"

"Hiyo ni yangu."

Akapitisha ukucha juu ya ule mstari, nami nikahesabu mbao za dari. Kisha akazifunga zote mbili kwenye kitenge.

"Basi Samedi mutakuya bote," akasema. "Ule atapiga picha. Weye utamushikia hiyo miguu yake isitikisike."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Nyumba ilikuwa kwenye mteremko juu ya ziwa, udongo umelowa mvua. Mguu mmoja wa trepie ulikuwa unazama. Bonane akaniangalia, akauangalia mguu. Basi mimi, Papa Sifa, wa kwanza kufungua studio kwenye ule mteremko, nikapiga magoti kwenye tope na suruali ya harusi, nikaingiza jiwe bapa chini ya ule mguu, nikaushika kwa mikono miwili. Watu walikuwa mistari mitano. Bibi harusi katikati, baba yake kifuani mwake ndani ya kadre, kola imenyooka. Watoto wakaniimbia, "Mzee wa miguu! Mzee wa miguu!" Bonane akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mushipumue," na ukoo mzima ukaacha kupumua. Nami pia.

Vita vilipotulia ng'ambo, Bonane akarudi kwao. Siku ya kufungasha nilivuka zile hatua kumi na nne nikamwambia aniuzie trepie. Nilimpa bei nzuri, mimi! Akakubali upesi, akafungua skrubu moja, akanipa miguu.

"Na kichwa?"

"Kichwa hapana, jirani. Tafuta yako."

Nilimfuata hadi darajani nikiongeza. Alikwenda nacho mfukoni, mfuko umevimba kama aliyeiba yai. Nimetafuta miaka yote, na nimepata vizuri vinne, lakini hakuna kilichoganda kama kile.

Kwa hiyo mkienda kununua, nendeni na kamera zenu, na ile lenzi nzito kuliko zote mlizo nazo. Iinamisheni, kazeni kwa vidole viwili, chagueni msumari ukutani, hesabuni sitini. Msumari ukipanda ndani ya kioo cha kamera, kichwa kinashuka, rudisheni hata kama kinang'aa. Muuzaji akiwaambia ile fupi ndiyo ya kazi, muulizeni mara ya pili kabla ya kumwita mwongo. Na kama mtu ng'ambo ya njia anafuta kitu kwa kichupa, vukeni mkamuulize ni nini.

Ile picha ya harusi bado iko Nkanka, ukutani. Nilikwenda kuiangalia mwezi uliopita. Nilimwambia mke wangu nakwenda kununua samaki. Mistari yote mitano wametoka, hata wa nyuma, pua moja moja. Bonane hakuikata vizuri, au aliikata vizuri sana, sijui: kwenye kona ya chini kushoto kumebaki kiatu changu, kimezama topeni. Kimetoka wazi kabisa. Matundu ya kamba yanahesabika. Ni manane. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili nilitamani ningekuwa mimi niliyeipiga.